Kuchagua na Kufunga Vifaa vya Kupimia kwenye Matangi na Mabomba ya Kiwanda: Mwongozo Kamili

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2005, katika bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini mwa London, tangi namba 912 lilikuwa likijazwa petroli kupitia bomba. Kipimo cha kimo kikakwama, na kwa saa kadhaa skrini ya chumba cha udhibiti ikaonyesha namba ileile huku petroli ikizidi kupanda. Juu ya tangi hilo palikuwa na swichi ya pili, inayojitegemea, ambayo kazi yake ilikuwa kukatisha ujazaji kimo kikifika mahali pa hatari. Nayo haikufanya kazi, kwa kuwa wenzo wake wa majaribio ulipaswa kushikiliwa na kufuli dogo ili ukae katika hali ya kazi, na kufuli hilo halikuwa limewekwa. Petroli ilifurika, wingu la mvuke wake likalipuka alfajiri, na watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Vifaa vyote viwili vilikuwepo mahali pake, lakini waliovifunga na waliovitumia hawakuwa wameelewa jinsi vinavyofanya kazi.

Mwongozo huu unamlenga fundi, mhandisi kijana na msimamizi wa kiwanda anayeagiza vifaa hivi kwa mara ya kwanza au anayetaka kujua kwa nini vile alivyonavyo havisemi kweli. Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue kiwanda cha pwani, kiwe Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, chenye matangi matatu: la dizeli, la mafuta ya mawese na la maji yanayolisha boila. Nimechagua vimiminika hivi vitatu kwa makusudi, kwa sababu kifaa kinachofaa kwa kimoja mara nyingi hakifai kabisa kwa kingine, na makosa mengi ya ununuzi huanza pale mtu anapoagiza vifaa vitatu vinavyofanana ili apate punguzo la bei.

Hatua ya kwanza: andika karatasi ya maelezo kabla ya kuomba bei

Kwa kila mahali patakapofungwa kifaa, andika karatasi moja. Iandikwe jina la kimiminika, msongamano wake, mnato wake, kama kinapitisha umeme au la, kama kina povu, mvuke au chembechembe, na kama kinaganda kikipoa. Ziandikwe halijoto na presha za aina tatu, yaani za chini kabisa, za kawaida na za juu kabisa, pamoja na kiasi cha mtiririko cha chini na cha juu. Wengi huandika hali ya kawaida pekee, kisha kifaa kinaharibika siku ya kuosha mabomba kwa mvuke wa moto, hali ambayo hakuna aliyeitaja wakati wa kuagiza.

Msongamano usiuchukulie kuwa jambo dogo. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa, na mlipuko uliofuata uliua watu 15. Kipimo cha kimo cha mnara huo kilikuwa kimerekebishwa kwa msongamano ambao haukuwa wa kimiminika kilichokuwamo, na kadiri kimiminika kilivyopata joto ndivyo usomaji ulivyoshuka, hata waendeshaji wakaamini kimo kinapungua wakati mnara ulikuwa unafurika.

Karatasi hiyohiyo itaje namna kifaa kitakavyoungwa na bomba au tangi, kwani hapa ndipo kazi hukwama siku ya kufunga. Flenji ya milimita 80 ya daraja la presha la PN16 la Ulaya ina matundu 8 ya bolti, ilhali ya inchi 3 ya daraja la 150 la Kimarekani ina matundu 4, na haziingiliani hata kidogo. Kwenye viungo vya meno hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kosa halionekani: meno ya nusu inchi ya BSP (kiwango cha Uingereza) na ya NPT (kiwango cha Marekani) yote ni 14 kwa kila inchi, kwa hiyo yanaanza kushikana vizuri mkononi, lakini pembe zake ni tofauti, nyuzi 55 kwa 60, na BSP sambamba haina mchongoko ulio nao NPT. Fundi huongeza utepe wa kuziba na kukaza kwa nguvu, kiungo kinaonekana kimetulia, kisha kinavuja au kung'oka presha inapopanda. Kagua meno kwa geji yake na usitegemee macho.

Hatua ya pili: kimo cha matangi

Njia rahisi ya kupima kimo ni kupima presha chini ya tangi, kwa kuwa kimiminika kirefu zaidi hukandamiza zaidi. Maji yenye kimo cha mita 12 hutoa takriban kilopaskali 118 kwenye sakafu ya tangi. Dizeli yenye msongamano wa 0.84 kwa kimo hichohicho hutoa takriban kilopaskali 99 tu. Maana yake ni kwamba transmita, yaani kifaa kinachopima na kutuma usomaji kwa ishara ya umeme, iliyorekebishwa kwa maji ikifungwa kwenye tangi la dizeli lililojaa hadi mita 12, itaonyesha mita 10 na kidogo, na mwendeshaji ataona nafasi ya karibu mita 2 ambayo haipo. Kwa hiyo njia hii ni nzuri sana kwa tangi la maji, ambalo msongamano wake haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua. Kwa dizeli inakubalika ikiwa msongamano halisi umeingizwa na unahakikiwa kila shehena mpya inapopokelewa. Ukitumia ile ya kuzamisha ndani ya tangi, kumbuka kwamba kebo yake ina mrija mwembamba unaoleta hewa ya nje hadi kwenye kitambuzi. Mrija huo ukiingia maji au ukibanwa, usomaji unayumba kila hali ya hewa inapobadilika. Umalizie kwenye kisanduku kikavu chenye dawa ya kunyonya unyevu.

Kwa mawese, njia ya presha inahitaji tahadhari kubwa. Mafuta haya huhifadhiwa kwa joto la nyuzi 32 hadi 40 za Selsiasi na kupashwa hadi 50 au 55 wakati wa kupakua, na joto likikatika huganda. Kitundu chembamba kinachoelekea kwenye transmita ndicho hupoa na kuziba kwanza, nacho kikiziba, transmita hubaki imeshikilia namba ya mwisho kana kwamba tangi limetulia. Kama huna budi kutumia presha, chagua yenye kiwambo kipana kilicho sawasawa na ukuta wa tangi, na uifunge juu ya usawa wa tope, karibu na eneo linalopashwa joto.

Mahali pengi siku hizi rada iliyofungwa juu ya tangi ndiyo chaguo la kwanza kwa mawese na dizeli, kwani haigusi kimiminika na haitegemei msongamano. Hata hivyo, vimiminika vya mafuta huakisi mawimbi ya rada kwa udhaifu mkubwa vikilinganishwa na maji, kwa hiyo mahali pa kuifunga pana uzito kuliko bei yake. Rada ya gigahezi 80 yenye lenzi ya ukubwa wa kawaida hutoa mwale wa takriban nyuzi 4, ambao katika umbali wa mita 10 umetanuka hadi upana wa sentimita 70 hivi. Rada ya zamani ya gigahezi 26, yenye mwale wa nyuzi 10, hufikia upana wa mita 1.75 katika umbali huohuo. Chora mwale huo kwenye mchoro wa tangi, kwa vipimo vyake, uone kama unagusa ngazi, koili ya kupashia joto au bomba la kuingizia mafuta. Usiifunge katikati kabisa ya paa lililoumuka, kwa maana paa la namna hiyo hukusanya mwangwi pale kati kama kioo kilichopinda. Isogeze hadi kati ya kitovu na ukuta, lakini usiibananishe na ukuta. Shingo ya kufungia iwe fupi, na mahali ilipochomelewa pasibaki na kingo zinazochomoza ndani. Juu ya mawese ya moto, ambapo matone hujikusanya, chagua lenzi iliyochongoka ili matone yadondoke.

Vipimo vya sauti, vinavyofanana na rada kwa umbo na ni rahisi zaidi kwa bei, vinafaa kwa maji baridi yaliyo wazi. Mwendo wa sauti hewani ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20, na hubadilika hewa inapopata joto au kuchanganyika na mvuke. Kwa hiyo kifaa cha sauti juu ya tangi la maji ya boila linalofuka, au juu ya petroli, ni fedha iliyopotea.

Kisha, kwa kila tangi linaloweza kufurika, funga swichi ya kimo cha juu inayojitegemea: kitundu chake cha pekee, kebo yake ya pekee, na ishara inayofunga valvu au kuzima pampu bila kupitia kwenye kipimo cha kwanza. Uma unaotetema unafaa kwa vimiminika vyote vitatu. Swichi iliyochomekwa kwenye shingo moja na rada, na kuunganishwa kwenye kadi moja ya kompyuta ya udhibiti, haiwezi kuitwa ya pili.

Hatua ya tatu: presha

Chagua geji ambayo presha ya kawaida inaangukia karibu na theluthi mbili za uso wake. Kwa presha iliyotulia, usivuke asilimia 75 ya kipimo cha juu, na kwa presha inayoruka-ruka, kama ile ya mbele ya pampu ya pistoni, usivuke asilimia 65. Mahali penye mtetemo chukua geji iliyojazwa gliserini. Kwenye mvuke, weka bomba lililopinda kama mkia wa nguruwe kati ya bomba kuu na geji, ulijaze maji kwanza, ili mvuke wenyewe usifike kwenye koili ya geji.

Transmita ya presha inayoungwa kwa mirija myembamba ina kanuni ambazo watu huzigeuza mara kwa mara. Kwa kimiminika, tundu litobolewe ubavuni mwa bomba, na transmita ikae chini ya tundu, ili hewa yoyote irudi kwenye bomba. Kwa gesi, tundu liwe juu na transmita iwe juu zaidi, ili majimaji yatiririke kurudi. Kwa mvuke, transmita hukaa chini, na mirija hujazwa maji kabla ya kuwasha. Mirija yote iteremke kwa mfululizo, angalau sentimita 8 kwa kila mita, bila kuwa na bonde wala kilima. Kilima kimoja kwenye mrija wa kimiminika hukamata povu la hewa, na povu hilo litakusumbua kwa miaka kabla mtu hajafikiri kulitafuta.

Hatua ya nne: halijoto

Kwa kazi nyingi za kiwanda hiki, kitambuzi cha Pt100 kinatosha. Kina ukinzani wa omu 100 katika nyuzi sifuri na omu 138.5 katika nyuzi 100, yaani takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Kutokana na hesabu hiyo, omu 1 tu ya waya mrefu inaongeza kosa la nyuzi 2.6 ukiunga kwa waya mbili. Unga kwa waya tatu, au nne panapohitajika usahihi zaidi. Kitambuzi kikae ndani ya ala ya chuma inayoingia kwenye bomba, ili kiweze kutolewa bila kumwaga kimiminika, na ncha ifike katika theluthi ya katikati ya bomba. Kwenye bomba jembamba, ifunge kwenye kiwiko, ncha ikielekea mtiririko unakotoka. Ala ndefu katika mtiririko wa kasi hutetemeka na inaweza kukatika: mnamo Desemba 1995 kinu cha nyuklia cha Monju nchini Japani kilivujisha sodiamu kwa sababu hiyohiyo. Omba hesabu ya mtetemo kwa mtengenezaji pale kasi inapokuwa kubwa.

Hatua ya tano: mtiririko wa mabomba

Swali la kwanza ni kama kimiminika kinapitisha umeme. Mita ya sumaku haina kitu kinachozunguka, haizuii mtiririko, na kwa maji ni kifaa bora. Lakini inahitaji kimiminika chenye upitishaji wa angalau maikrosimens 5 kwa sentimita, au zaidi kadiri ya mtengenezaji. Dizeli na mawese haviko hata karibu na kiwango hicho. Mita ya sumaku iliyofungwa kwenye bomba la mafuta haitasoma chochote cha maana, na kosa hili bado linatokea kwa sababu katalogi huandika tu kwamba ni ya vimiminika. Hata maji ya boila yakumbuke hapa: mvuke uliopoa na kurudi kuwa maji ni safi kiasi kwamba upitishaji wake unaweza kushuka chini ya kiwango, kwa hiyo upime kwanza.

Kwa dizeli, tumia mita ya ujazo yenye gia au turubini, na mbele yake weka chujio, maana kipande kimoja cha mabaki ya kuchomelea kinatosha kuvunja gia. Kwa mawese, mita ya gia za duaradufu yenye koti la kupashia joto ni chaguo la kawaida. Palipo na biashara ya kiasi kikubwa, mita ya Koriolisi inayopima uzito wenyewe hurudisha gharama yake, na haihitaji bomba refu lililonyooka mbele yake. Adui yake ni hewa: mawese yenye mapovu hulifanya bomba lake liyumbe na namba zikose maana. Sahani yenye tundu, inayopima tofauti ya presha, bado inafaa kwa mvuke, ila ufahamu kwamba tofauti hiyo hufuata kipeo cha pili cha mtiririko. Mtiririko ukishuka hadi asilimia 10, presha hushuka hadi asilimia 1, nayo imezama ndani ya kosa la kifaa. Usiitegemee chini ya robo ya kipimo chake.

Mita ichaguliwe kwa kasi ya kimiminika, na kipenyo cha bomba kije baadaye. Mita za ujazo 40 kwa saa katika bomba la milimita 100 hukimbia takriban mita 1.4 kwa sekunde, ambayo ni kasi nzuri. Lakini kama mara nyingi bomba hilohilo hupitisha mita za ujazo 5 tu, kasi ni chini ya mita 0.2 kwa sekunde, na hapo ni busara kupunguza hadi mita ya milimita 80 au chini yake, kwa vipunguzio vya pembe ndogo.

Bomba lijae daima mahali mita ilipo. Sehemu iliyosimama, yenye mtiririko unaopanda, ndiyo bora. Sehemu ya juu kabisa ya mstari, au inayoteremka na kumwaga kwenye tangi lililo wazi, ndiyo mbaya kuliko zote. Mita ya sumaku kwenye bomba la mlalo izungushwe ili elektrodi zake ziwe kushoto na kulia, kwani elektrodi ya juu hukutana na hewa na ya chini hukutana na tope. Ipe mita bomba lililonyooka lenye urefu wa angalau vipenyo 5 kabla yake na 2 baada yake, na uongeze palipo na valvu au pampu karibu. Bomba likiwa la plastiki, weka pete za kutuliza umeme pande zote mbili. Hakikisha gasketi haichomozi ndani.

Wakati wa kujenga bomba, usifunge mita yenyewe. Tengeneza kipande cha bomba cha muda chenye urefu sawa na mita, kifungwe kwa bolti mahali pake, uchomeleaji ukamilike, bomba lisafishwe na lijaribiwe kwa presha ya maji, ndipo kipande hicho kitolewe na mita iingie. Mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye mita huunguza kadi yake, na udhamini wa mtengenezaji haufidii hilo.

Hatua ya sita: umeme, chumvi na radi

Ishara ya kawaida ni miliampia 4 hadi 20. Sifuri inawakilishwa na miliampia 4 ili waya uliokatika, unaotoa sifuri halisi, ujulikane mara moja. Uagize mfumo wa udhibiti uchukue chochote chini ya 3.6 au juu ya 21 kuwa ni hitilafu, na usiuache ukionyesha tangi tupu. Kebo iwe yenye ngao, ngao ifungwe ardhini upande mmoja, kwa kawaida kwenye paneli, na isipite kwenye trei moja na kebo za mota.

Pwani, chumvi hula kila kitu. Chukua chuma cha pua cha 316 badala ya 304, na visanduku vyenye kinga ya vumbi na maji ya daraja la IP66 au zaidi. Lakini kinga hiyo hufutwa na mdomo wa kebo usiokazwa, kwa hiyo mdomo uelekee chini au ubavuni, na kebo iteremke kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke nje. Kwa viwanda vya Mwanza, Kisumu au Entebbe, ambako radi za Ziwa Victoria ni nyingi mno, vizuia mawimbi ya radi viwekwe pande zote mbili za kebo ndefu, na viungwe ardhini pamoja na tangi.

Ndani ya tangi la petroli ni eneo hatari la daraja la 0, ambalo mvuke unaoweza kulipuka upo wakati wote au muda mrefu. Kifaa cha hapo kiwe na cheti cha Ex ia, yaani umeme wake ni mdogo mno kuweza kuwasha mvuke, na kizuizi chake cha kupunguza umeme kiwe kwenye paneli. Dizeli huwaka kwa shida zaidi, ila tangi lililowahi kubeba petroli lichukuliwe kama la petroli.

Hatua ya saba: kuwasha na kukabidhi

Jaribu kila kitanzi, yaani njia nzima ya ishara kutoka kwenye kifaa hadi chumba cha udhibiti, kwa pointi tano, yaani 4, 8, 12, 16 na 20 miliampia, kupanda na kushuka, huku mwenzako akisoma skrini ya chumba cha udhibiti na kuandika. Kwa matangi, linganisha usomaji na tepu ya kuchovya kwa mkono katika vimo visivyopungua vitatu, na baada ya kujaza mafuta subiri dakika 30 kabla ya kuchovya, ili umeme tuli utulie. Mita na matangi yanayotumika kuuza au kutoza kodi yasianze kazi kabla hayajahakikiwa na mamlaka ya vipimo, ambayo Tanzania ni Wakala wa Vipimo.

Swichi ya kimo cha juu ijaribiwe peke yake, kwa kuichokoza kwenye kitambuzi chenyewe, na mtu asimame penye valvu aone kwa macho kuwa imefunga. Baada ya jaribio, watu wawili wapande juu ya tangi, waangalie kwamba wenzo umerudishwa, kufuli limewekwa na waya wa muda wa kuikwepa swichi umeondolewa, kisha wote wawili waandike majina, saa na tarehe kwenye kitabu kabla pampu haijawashwa.